Safu ya Mengineyo

Julai, Mbeya, saa nne za usiku.
Loleza umevaa ukungu mpaka magotini,
mimi nimevaa soksi mbili mbili.
Chai ya Tukuyu inapoa ubavuni
nafungua mafaili ya watu.

Sanga wa mbao, Makambako,
hunitumia picha za risiti,
kila picha na kidole gumba chake pembeni,
ukucha mweusi, ulipigwa na nyundo.
Mwaka wa pili sasa. Ukucha umeota upya.
Hajui kwamba nimeuona ukiota.

Bi Atupele wa saluni, Uyole,
huleta hesabu kwenye flashi
aliyoifunga pembeni mwa khanga kama sadaka.
Ndani yake: HESABU MWISHO.
HESABU MWISHO KABISA.
HESABU MWISHO KABISA HII NDIYO.
Ipi sasa? namuuliza.
Anacheka: zote kweli, dada,
ila kila moja kwa siku yake.

Ndipo nikawafundisha faili moja:
mlango mmoja, funguo mbili,
ukiandika wewe Kiwira, naona mimi Mwanjelwa.
Nikawaonya, msifute ovyo,
humu hata kufuta kunaandikwa.
Wakatikisa vichwa
kama watu waliotajiwa bei ya mbolea.

Aliyeshika upesi ni Tusekile,
mnunuzi wa parachichi.
Mkulima, kreti, kilo, bei,
nauli ya fuso, ushuru wa kijiji,
mpaka kamba za kufungia aliziandika.
Ila kila mwisho wa mwezi, mstari huohuo:
Mengineyo, elfu themanini na tano.

Mengineyo gani? nikaandika kando ya seli,
mwezi wa nne.
Jibu lilikuja siku ya tatu:
Mengineyo ni mengineyo.
Nilikuwa mkali. Nikamtajia watu wa mapato,
nikamwambia mkaguzi hali ugali kwa mafumbo.
Hakujibu. Alilipa ada yangu, kamili, mapema.

Usiku huu nimefungua faili lake
nimemkuta humo.
Kishale chake cha kijani kinapepesa
mstari wa mia mbili na kumi na mbili,
nami nimesimama juu, kwenye vichwa vya safu,
kama aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Anaandika: Dawa za
Anafuta.
Anaandika: Lusajo, kliniki, nauli ya
Anafuta.
Kiwira mvua haijui kiangazi,
mtandao unakatika, herufi zinafika kwa mafungu,
kama kuku wanaorudi bandani.
Anaandika: Mtoto.

Neno linakaa.
Chai imeshapoa. Linakaa.
Kisha moja moja, kutoka nyuma,
o, t, o, t, M,
na mahali pake,
Mengineyo.

Anajua nipo. Kwenye kona ya kioo chake
herufi ya jina langu inawaka.
Hajasema karibu.

Mwalimu wangu, chuoni Iringa,
alitufundisha kila shilingi ina pande mbili,
inakotoka na inakokwenda,
na pande zisipolingana, usilale.
Nimekesha sana kwa ajili ya maneno yale.
Hakutufundisha shilingi
inayojua inakokwenda
na haitaki kupataja.

Nikafuta swali langu la mwezi wa nne.
(Kufuta kwangu nako kumeandikwa.)
Nikauchukua mstari wake, na iliyotangulia yote,
nikaitoa kwenye gharama za biashara,
nikaipeleka kwenye matumizi ya mwenye mali,
chumba ambacho sheria
inataka kujua kiasi tu.
Faida ikapanda kidogo. Kodi nayo.
Pande zikalingana.

Kishale cha kijani kikasimama.
Nikadhani ametoka, au umeme.
Kikashuka mstari mmoja.
Parachichi za mzee Ambokile, kreti kumi na nne,
akaandika,
bado sijamlipa.

Nami chini yake:
Nimeona.